Bima Imekubali, Bima Imekataa: Mtoto Je, Anahitaji? (Sehemu ya 9)

Nimetoka zamu ya usiku asubuhi, nimelala kidogo, watoto wamerudi shule, sasa nimekaa hapa mlangoni Kikuyu na upepo wetu wa Dodoma unanipiga vumbi la bure. Tuendelee pale tulipoishia.

Wiki iliyopita mama mmoja aliniandikia: "Sista, mwanangu ana nyama za puani, bima imekataa kulipia upasuaji. Hawa si wanatuibia?" Siku hiyo hiyo mwingine akaandika: "Sista, bima imekubali kumtoa mwanangu nyama na tonsesi. Nimpeleke tu, si ndiyo?"

Nilisoma meseji zote mbili nikacheka peke yangu, maana mimi nimeshawahi kuwa mama wa kwanza na mama wa pili kwa mtoto mmoja. Leo naomba niwasimulie ya nyumbani kwangu. Ni aibu kidogo kwa nesi, lakini aibu yangu ikiwasaidia, basi iwe sadaka.

Kijana wangu alikuwa na miaka minne. Ilikuwa mwezi wa saba, mnaujua mwezi wa saba wa Dodoma: baridi, upepo, vumbi hadi kwenye sufuria. Mtoto akaanza kukoroma. Analala mdomo wazi, pua imeziba, asubuhi anaamka na uso umechoka. Nikampeleka hospitali moja hapa mjini, siyo ninayofanyia kazi. Akapigwa eksirei, nikaambiwa nyama za puani zimekua, tonsesi nazo ni kubwa. "Kwa kuwa bima ipo, tutoe vyote kwa pamoja, mtoto apumzike." Nikapewa na siku ya kulazwa.

Unajua mimi nesi niliuliza maswali mangapi? Hata moja. Nilisema "sawa daktari" nikaenda kununua nguo za kulalia za mtoto. Kila siku nawashauri wamama wodini waulize kabla ya kusaini fomu ya ridhaa. Ilipofika zamu yangu nikasaini kama nasaini kupokea mzigo wa basi. Wahenga walisema mganga hajigangi.

Siku mbili kabla ya kulazwa, tukapata jibu la bima. Baba watoto anafanya kazi kampuni binafsi, kwa hiyo bima yetu ni ya kampuni ya bima ya binafsi. Jibu lilikuwa fupi: idhini haijatolewa, ulazima wa kitabibu haujathibitishwa.

Jamani, nilichemka! Nikamwambia baba watoto hawa wanachukua hela kila mwezi, siku ya kulipa wanakimbia. Nikapanga kwenda kukopa kwenye kikoba ili nilipe taslimu. Kabla ya hapo nikasema ngoja niwapigie niwaambie ukweli wao. Nikaunganishwa na daktari wao anayepitia maombi, mama mmoja mtaratibu kweli. Akaniacha niseme yote. Nilipomaliza akaniuliza maswali matatu tu:

"Usiku mtoto akikoroma, huwa pumzi inakata kabisa halafu anashtuka? Mwaka huu amepata tonsesi zenye homa mara ngapi? Na ameshatumia dawa ya kupuliza puani kwa wiki ngapi?"

Kimya. Sikuwa na jibu hata moja. Pumzi kukata? Sijui, mimi usiku niko zamu. Tonsesi? Labda mara mbili. Dawa ya kupuliza? Hakuandikiwa. Nilikata simu nikiwa mdogo kama piritoni.

Jioni ile nikampigia mama yangu kijijini, upande wa Mpwapwa, nilie kidogo. Mama alinisikiliza, halafu akasema: "Wewe mwenyewe ulikatwa kimeo una miezi mitano."

Nilikuwa sijui! Kumbe nilikuwa nakohoa, na kijijini watoto wote waliokohoa walikuwa wanapelekwa kwa fundi. Fundi anachungulia koo, anasema kimeo kimerefuka, anakata, analipwa jogoo na hela kidogo. Nikamuuliza mama, kuna mtoto yeyote alipelekwa pale akaambiwa kimeo chake kizuri, rudi nyumbani? Mama akafikiri. Akasema, "Hapana mwanangu, sikumbuki."

Hapo ndipo akili yangu ilifunguka. Fundi yule hakuwa mtu mbaya, aliamini anachofanya. Lakini alikuwa analipwa kwa kukata, na mtu anayelipwa kwa kukata kila koo analoliona lina kimeo kirefu. (Na kwa wanaosoma leo: kukata kimeo hakutibu kikohozi. Kunaleta kuvuja damu na maambukizi, na watoto wamekufa. Vilevile kung'oa "meno ya plastiki" kwa kichanga mwenye homa na kuharisha. Yale si meno ya plastiki, ni vijino vyake halali vinavyojiandaa kutoka. Mpeleke zahanati.)

Msidhani haya ni ya vijijini kwetu tu. Kuna habari moja ya Marekani, ya mwaka 1934, huwa nawasimulia wanafunzi wanaokuja kujifunza wodini. Walichukuliwa watoto 1,000 wa shule wa miaka 11 katika jiji la New York. Asilimia 61 walikuwa tayari wameshakatwa tonsesi. Waliobaki wakapelekwa kwa madaktari, na madaktari wakasema asilimia 45 kati yao wakatwe. Wale walioambiwa wako salama wakapelekwa kwa madaktari wengine, na hao nao wakasema asilimia 46 wakatwe. Waliobaki tena wakapelekwa mara ya tatu, asilimia 44 wakaambiwa wakatwe! Mwisho kati ya watoto 1,000 walibaki 65 tu ambao hakuna daktari aliyewataka. Hao ni madaktari waliosoma, na makoo ni yale yale. Kilichokosekana ni kipimo kimoja ambacho wote wanakifuata.

Siku hizi vipimo vipo. Kwa tonsesi, kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni cha kuhesabu: mtoto awe amepata mashambulizi makali, yaliyoandikwa hospitali, mara 7 kwa mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka miwili, au mara 3 kila mwaka kwa miaka mitatu. Ama awe na sababu nyingine nzito, kama pumzi kukatika usingizini au jipu pembeni ya tonsesi. Kwa nyama za puani, ukubwa wa nyama kwenye eksirei peke yake hautoshi. Kinachoangaliwa ni zinamfanya nini mtoto: pumzi inakatika usiku? Masikio yanajaa maji hadi hasikii vizuri? Anashindwa kula na kuongezeka uzito? Kumbukeni pia nyama hizi ni za kawaida kwa kila mtoto. Hukua utotoni, halafu huanza kusinyaa kadiri anavyoelekea utu uzima.

Turudi kwa kijana wangu. Tulimpeleka kwa daktari mwingine wa masikio, pua na koo. Akamwandikia dawa ya kupuliza puani na kumwosha pua kwa maji ya chumvi. Nyumbani tukatoa zulia chumbani kwake, mablanketi yakaanikwa juani, tukaacha kufagia kavu huku mtoto yupo ndani, tunapiga deki. Mimi na baba yake tukapeana zamu ya kumsikiliza usiku. Pumzi haikuwa inakatika. Baada ya kama miezi miwili alikuwa analala mdomo umefunga. Leo yuko darasa la pili, akipata mafua anakoroma kama babu yake, yakiisha anaacha. Hakukatwa.

Kwa hiyo bima ilikuwa sahihi? Kwa mwanangu, ndiyo. Lakini usiondoke, nusu ya pili ndiyo nzito zaidi.

Mwaka uliofuata, jirani yangu hapa Kikuyu, binti yake ana miaka mitatu. Naye anakoroma, naye ameambiwa nyama, naye amekataliwa na bima yao, siyo kampuni yetu. Jibu lao lilikuwa maneno yale yale: ulazima wa kitabibu haujathibitishwa. Jirani akaja kwangu amekata tamaa. Mimi kwa ujuaji wangu mpya nikataka kumwambia, "Bora walivyokataa, hata wangu hakukatwa." Mungu alinizuia mdomo. Nikamwambia nitakuja usiku nimwone analala.

Nilikaa kitandani kwa yule mtoto kuanzia saa tatu. Anakoroma, anakoroma, halafu kimya. Kifua kinavuta, shingo inabonyea ndani, lakini hewa haiingii. Nikaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu... nikafika kumi na moja ndipo akashtuka, akavuta hewa kwa nguvu kama aliyezama bwawani. Baada ya muda tena. Mtoto amelowa jasho usiku wa baridi. Mama yake akaniambia, "Si ndivyo anavyolala siku zote?" Alikuwa ameshazoea.

Nikachukua simu yangu, nikarekodi video dakika tano. Asubuhi tukaenda wote kwa daktari wake. Alipoiona alisimama. Tukaomba kuona fomu iliyotumwa bima: mahali pa maelezo pameandikwa "anakoroma, nyama za puani". Basi. Hakuna neno kuhusu pumzi, uzito, wala kwamba dawa alishatumia na haikusaidia. Aliyesoma ile fomu ofisini angejuaje? Daktari akaandika upya, kila kitu, akaweka na kadi ya kliniki inayoonyesha mstari wa uzito umelala. Siku chache idhini ikatoka. Mtoto akafanyiwa upasuaji, na usiku wa kwanza nyumbani mama yake aliamka mara tatu kumgusa, akidhani hapumui, maana nyumba ilikuwa kimya.

Watoto wawili, barua mbili zenye maneno yale yale. Kwa mmoja "hapana" ilimwokoa na kisu asichohitaji. Kwa mwingine "hapana" ile ingeendelea kumnyima hewa kila usiku.

Ndiyo maana nasema, mama, jibu la bima silo jibu la mwili wa mtoto wako. Mwili haujui una kadi gani. Hospitali ikilipwa kwa kila huduma, kukata kunaingiza hela. Kampuni ya bima nayo, kutolipa kunabakisha hela. Sisemi wote ni wezi, nafanya nao kazi, wengi ni watu waadilifu. Nasema kila mmoja ana mzigo wake unaomvuta upande wake, na katikati yao yuko mtoto ambaye wakili wake ni wewe.

Na usishangae mtoto wa jirani mwenye ugonjwa uleule akikubaliwa wako akakataliwa. Kadi zetu hazifanani. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na una kitita chake cha huduma na bei. Mnakumbuka Machi 2024 kitita kipya kilipoanza na baadhi ya hospitali binafsi zikasitisha kuwahudumia wanachama? Mabishano yale yalikuwa ya bei, wala magonjwa ya watu hayakuwa yamebadilika wiki ile. CHF iliyoboreshwa, ile iliyokuwa ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, ilikuwa na mipaka yake na ilifuata rufaa. Kampuni binafsi kila moja ina mkataba wake, wenye kikomo cha hela na kipindi cha kusubiri. Toto Afya Kadi ya shilingi 50,400 ilisimamishwa kwa mtoto mmoja mmoja mwaka 2023, na sababu iliyotolewa ni kwamba wazazi wengi walikuwa wanakata kadi mtoto akishaugua. Bima inayobeba wagonjwa watupu haiwezi kusimama, hilo nalo tulikubali.

Kwa hiyo bima ikisema hapana, kwanza uliza ni hapana ipi, maana ziko tatu. Kuna "haipo kwenye kifurushi chako". Hiyo haimaanishi mtoto hahitaji, inamaanisha mkataba haulipi, utafute njia nyingine. Kuna "karatasi hazijakamilika". Hiyo mrudie daktari ajaze vizuri. Na kuna "hakuna ulazima wa kitabibu". Hiyo ndiyo ya kukaa nayo chini, na wala usiibishie kabla hujajiuliza kama ni kweli.

Niwape mifano miwili mingine maana najua mtauliza.

Kitovu kilichotokeza. Watoto wetu wengi wanacho, na wengi hujifunga chenyewe kabla ya miaka minne au mitano. Usifunge sarafu, usikimbilie kisu akiwa na mwaka mmoja hata kama kadi inalipa. Ila kikiwa kigumu, kinauma, na mtoto anatapika, hiyo ni dharura, nenda usiku huo huo. Tofautisha na ngiri ya kinena, uvimbe wa sehemu ya chini karibu na korodani au kwenye kinena cha mtoto wa kike. Ile haijifungi, utumbo unaweza kubanwa. Ile inahitaji upasuaji, na bima ikisuasua usikubali kukaa miezi.

Upasuaji wa kujifungua. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1985 limesema kiwango cha asilimia 10 hadi 15 ndicho kinachofaa kwa jumla, na mwaka 2021 likaeleza kwamba duniani kumeshafika zaidi ya mmoja kati ya watano. Hicho ni kipimo cha kundi, si cha mama mmoja mmoja. Kondo likitangulia, mtoto akikaa vibaya, mapigo yake yakishuka, uchungu ukiwa pingamizi, usiniambie habari za asilimia, ingia thieta. Lakini ukiambiwa "tukufanyie tu, si una bima", huku wewe na mtoto hamna tatizo, uliza. Kila kovu linaongeza hatari kwa mimba ijayo, hasa kondo kung'ang'ania kwenye kovu. Na dada asiye na bima ambaye anahitaji kweli, asicheleweshwe kwa sababu ya karatasi.

Basi kabla ya kusaini upasuaji wowote usio wa dharura, uliza haya. Niliyaandika nyuma ya kadi ya kliniki ya mwanangu:

1. Ugonjwa unaitwaje, na ni dalili zipi za mtoto wangu zinazofanya akatwe?
2. Tukisubiri miezi mitatu, nini kibaya kinaweza kutokea?
3. Kuna dawa au njia nyingine ambayo hatujajaribu?
4. Upasuaji wenyewe na dawa ya usingizi vina hatari gani? (Tonsesi kwa mfano, damu inaweza kutoka hata baada ya wiki moja, mtoto yuko nyumbani.)
5. Ingekuwa sina bima, ungenishauri hivi hivi?

La tano liulize kwa heshima na tabasamu. Daktari mzuri hakasiriki. Wengine hunyamaza kidogo, na ule ukimya nao ni jibu.

Nyumbani: rekodi video mtoto akiwa amelala. Andika kila homa na tarehe. Tunza karatasi zote kwenye bahasha moja. Bima ikikataa, omba sababu kwa maandishi, rudi kwa daktari ajibu sababu hiyo, mkate rufaa. Kama ni NHIF, nendeni ofisi yao ya mkoa. Kama ni kampuni binafsi na mmeshindwana, kuna TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Wapo kwa ajili yetu, tuwatumie.

Mama yangu alinipeleka kwa fundi kwa mapenzi. Alinibeba mgongoni, mguu kwa mguu, na jogoo mkononi. Simlaumu hata kidogo, hakuwepo wa kumpa maswali ya kuuliza. Sisi tunayo, tukiacha kuyauliza kwa sababu kadi inalipa, tutakuwa tunarudi kwa fundi yule yule.

Uji wangu umeganda. Tukijaaliwa Alhamisi tutaongea dawa ya usingizi kwa watoto: kwa nini tunawazuia kula usiku, na kwa nini ukimpa "kauji kadogo tu" kwa huruma unaweza kumpoteza. Usiku mwema mama zangu, na leo kabla ya kulala, msikilize mtoto wako anavyopumua.